Ramadhani, Siku ya 14: Malisho Yaliyotengwa



Mchana huu maji yako jikoni, chakula kipo, na vyote ni halali yako. Lakini unajizuia mpaka Magharibi. Leo tutazame kujizuia kama huko kwenye malisho.

Waarabu waliita hima eneo lililotengwa lisichungwe ovyo. Zama za ujahiliya, mkubwa wa kabila alijitengea penye nyasi nzuri kwa mifugo yake tu. Mtume (s.a.w.) akaliondoa hilo, hima ikawa kwa maslahi ya umma. Yeye alitenga Naqii, kwa farasi wa Waislamu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimuusia, kama alivyopokea Imam Bukhari, kwamba mwenye ngamia na kondoo wachache aachwe aingie, lakini mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan isiingizwe. Kwa nini? Hao mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na wanawe kumlilia Khalifa. Akamwonya pia aiogope dua ya aliyedhulumiwa.

Mnaona jambo hilo? Masahaba waliobashiriwa Pepo, na bado waliambiwa ng'ombe wenu wakae nje!

Tuje kwetu. Kule Ishaqbini, Garissa, wafugaji Waislamu wenzetu walikubali kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya hirola, swala ambaye inakadiriwa hawazidi 500 porini duniani kote. Mwaka 2012 wakaanza kutunzwa ndani ya uzio. Mfugaji anayekubali hivyo ameacha nyasi ambazo ng'ombe wake angezila.

Basi tuchukue mawili. Anayesimamia hifadhi asianze kwa kumfukuza mwenye mbuzi kumi, huku mwenye mia tano akipita usiku. Huo ni wasia wa Umar uliopinduliwa. Na mfugaji naye asiseme "nyasi ni za Mungu" akamaliza zote kabla ya kiangazi. Ni za Mungu kweli, ndiyo maana tutaulizwa.

Kazi ya leo: wengi wetu tuko mjini, ng'ombe wetu wako kijijini na kijana wa watu. Mpigie simu kabla ya futari, umuulize wanalishwa wapi. Ukijua ni kwenye malisho ya akiba, waamuru watoke.

Allah atujaalie tuwe waaminifu kwa alichotukabidhi. Aamin.