Popo wa Pemba na Ramani ya Makao Yake

Mnyama adimu avukaye mipaka ya watu, ni nani amlindaye? Duma atokaye Serengeti na kuingia Masai Mara amevuka mpaka wa nchi mbili asiujue. Kisiwani Pemba hakuna duma. Yuko popo mkubwa, asiyepatikana penginepo duniani. Mipaka aivukayo ni ya mashamba na shehia tu, lakini shida ni ile ile.

Popo huyu ana uso kama wa mbwa, na mabawa yake yakikunjuliwa hupata kama mita moja na nusu. Wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909. Mchana hulala wengi pamoja, wakining'inia katika miti mirefu. Jua likichwa huruka kutafuta embe na matunda mengine. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo wakipigwa bunduki mahali wanapolala hawarudi upesi kuwa wengi. Tena misitu mingi ilikatwa tangu karne ya 19 kuipisha mikarafuu. Mwaka 1996 popo huyu aliandikwa miongoni mwa viumbe walio karibu mno na kutoweka.

Basi katika miaka ya 1990 wachunguzi walizunguka kisiwa, wakaandika kila mahali palipo na makao, na kuwahesabu popo. Wakaona kwamba wengine wamo katika msitu wa Ngezi, ambao serikali huuhifadhi. Lakini wengine wamo katika miti ya vijiji, hata juu ya makaburi ya kale ambayo watu huogopa kuyakata miti. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba sheria ya msitu peke yake haitoshi. Ramani ile ilionyesha, pamoja na miti, watu wanaopaswa kuombwa. Vikaundwa vyama vya wanavijiji vya kulinda makao, kama kile cha Kidike, ambako mgeni hulipa ada kuwatazama popo. Hesabu zilizofuata zilipita 20,000, na mwaka 2008 popo akatolewa katika daraja ile ya hatari kuu.

Hata hivyo ramani ya makao ni ya mchana tu. Usiku popo hutawanyika mashambani, akila na kueneza mbegu za miti. Ada ya mgeni hubaki Kidike. Embe huliwa mbali, katika shamba la mtu asiyepata hata senti. Akiukata mwembe wake, ni nani wa kumzuia, naye atalipwa nini?