Mashavu ya samaki tumboni mwa mama: Jibu nililolitoa bila elimu



“Ustadh, eti ni kweli tukiwa tumboni mwa mama zetu tulikuwa na mashavu kama ya samaki?” Swali hili aliniuliza binti mmoja wa kidato cha nne katika kipindi cha Maarifa ya Uislamu. Ndio kwanza nilikuwa nimefungua Suratul-Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, zinazoeleza hatua za kuumbwa kwa mwanadamu. Akasema kaambiwa hivyo na mwalimu wake wa baiolojia. Sikutafakari. Nikamjibu kuwa huo ni uongo wa makafiri, aukariri kwa ajili ya mtihani kisha autoe kichwani. Darasa likacheka, binti akakaa, nami nikaendelea na somo.

Ndugu msomaji, leo nalirudia somo lile, kwa sababu nilichokitoa siku ile hakikuwa elimu.

Ama mwalimu mwenzangu, naye hakuwa sahihi kwa asilimia mia. Maneno yale asili yake ni Mjerumani Ernst Haeckel, ambaye mwaka 1866 alidai kuwa kiumbe anapokua tumboni hupitia upya sura za wazee wake wa kale, mmoja baada ya mwingine. Akachora na michoro ya viinitete vya samaki, kuku, nguruwe na mtu vikiwa vimefanana mno. Mwaka 1874 mtaalamu mwenzake, Wilhelm His, alimkosoa hadharani kwa michoro hiyo. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake wakachapisha picha za viinitete halisi, ikaonekana wazi kuwa tofauti zilizopo Haeckel alizipunguza. Hata hivyo michoro ile iliendelea kuzunguka vitabuni kwa miaka mingi.

Nilipoyasoma haya nilifurahi, nakiri. Nikadhani nimeshinda. Lakini nilipoendelea kurasa chache mbele furaha ikakatika.

Kwani mikunjo ile ipo. Katika wiki ya nne ya mimba, pembeni mwa koo la kiinitete cha mwanadamu hutokea mikunjo iliyopangana, na mikunjo ya namna hiyo hutokea kwa samaki, kwa mjusi na kwa kuku. Kwa samaki, mingi kati yake huwa mashavu ya kupumulia. Kwetu sisi haiwi mashavu hata siku moja, na mtoto hapumui kwayo. Mkunjo wa kwanza hutoa taya, na pia vifupa viwili vidogo vya ndani ya sikio, nyundo na fuawe. Wa pili hutoa sehemu kubwa ya kile cha tatu, kikuku. Vifuko vilivyo kati ya mikunjo hiyo navyo vina kazi: kimoja huwa mrija unaounganisha sikio na koo, kingine hushiriki kutengeneza zile tezi zikivimba tunasema mtoto ana mafindofindo. Mama anayeona mafua ya mwanawe yanageuka kuwa maumivu ya sikio, basi njia ya maradhi hayo ilichorwa katika wiki zile.

Kabla ya Haeckel alikuwepo Karl Ernst von Baer. Mwaka 1828 aliandika kuwa alikuwa na viinitete viwili alivyovihifadhi katika pombe akasahau kuviwekea majina, na baadaye akashindwa kusema ni vya mjusi, ndege au mnyama anyonyeshaye. Hoja yake ilikuwa tofauti na ya Haeckel: kiinitete cha mtu hakifanani na samaki mkubwa, bali na kiinitete cha samaki. Yale yanayowaunganisha viumbe hutangulia kuonekana, yale yanayowatenganisha hufuata. Na Baer huyo huyo, Darwin alipotoa kitabu chake mwaka 1859, hakuiridhia nadharia yake. Kwa hiyo wale wanaodhani kila anayetaja kufanana kwa viinitete basi ni wakala wa Darwin, wajue hapa hawana hoja. Ni kweli wanabaiolojia wa leo wanausoma mfanano huo kuwa ni dalili ya asili moja, na mjadala kuhusu Nabii Adam (AS) una mahali pake na wanazuoni wake. Lakini mtu hakatai kilichopo mbele ya macho yake kwa kuogopa kitakachosemwa juu yake.

Tukirejea Suratun-Nur, aya ya 45, tunakuta viumbe wanatajwa kuwa wameumbwa kwa maji, kisha wanatajwa kwa mwendo wao: wa matumbo, wa miguu miwili, wa minne. Miaka yote nimeisomesha aya hii kwa dakika mbili. Chukua mwenye kwenda kwa tumbo tu. Chatu ana mifupa ya uti wa mgongo mamia kadhaa, na karibu na mkia ana kucha mbili ndogo, mabaki ya miguu ya nyuma. Ndani ya yai miguu hiyo huanza kuchipua kisha ikasimama. Twiga kwa urefu wake wote ana mifupa saba ya shingo, sawa na panya, sawa na wewe. Kiti cha pweza unayemuona ufukweni ana mikono mitano kuzunguka, ila akiwa lava ana upande wa kulia na wa kushoto kama sisi. Mende mshipa wake mkuu wa fahamu umepita tumboni, wetu umepita mgongoni. Pamoja na umbali huo, jeni zinazopanga wapi pawe kichwa na wapi pawe kiwiliwili zina undugu kwa mende na kwa mtu. Mwaka 1995 watafiti wa maabara ya Walter Gehring, Uswisi, walichukua jeni ya jicho ya panya wakaiwasha ndani ya nzi. Likaota jicho, tena jicho la nzi, si la panya.

Al-Jahiz, aliyefariki Basra mwaka 255 Hijria, aliandika kitabu kizima cha wanyama, na hakuona haya kumpinga hata Aristotle pale alichokiona kilipotofautiana na alichosimuliwa. Sisi warithi wake tunawaambia watoto wakariri kisha wasahau!

Jirani yangu anatotolesha vifaranga. Usiku mmoja akanishikisha yai la siku ya tano, akalimulika kwa tochi. Ndani ilionekana mishipa myekundu imetawanyika mithili ya miguu ya buibui, na katikati kidoa kinadundadunda. Nilisimama pale muda mrefu.

Nilimtafuta yule binti. Alikuwa keshafika kidato cha tano, mchepuo wa HKL, ingawa alama zake za baiolojia zilikuwa nzuri. Nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama lile darasa lililocheka nimeshaliambia.

Baadhi yao husoma gazeti hili.