Picha tayari, majibu bado

SWALI: Mama alipigwa CT ya tumbo katika hospitali ya mkoa. Kipimo kilichukua dakika chache, lakini majibu yalichukua siku nne. Kwa nini?

JIBU: Pole kwa kusubiri, na mpe mama pole pia. Anayepiga picha na anayeisoma ni watu wawili tofauti. Picha hupigwa na mtaalamu wa mionzi. Ripoti huandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, na mabingwa hao ni wachache mno nchini.

Tangu 2021 hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zimepata mashine za CT. Nalifurahia hilo kwa dhati, maana zamani mgonjwa wa Rukwa alilazimika kusafiri mbali. Lakini mashine hununuliwa kwa miezi, na bingwa huandaliwa kwa miaka: mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mitatu ya ubingwa. Tena CT moja ya tumbo si picha moja. Hutoa mamia ya vipande, na kila kimoja lazima kitazamwe. Bingwa aliyechoka anaweza kupitwa na uvimbe mdogo, kwa hiyo sipendi ashinikizwe kuharakisha.

Picha za wagonjwa wa dharura husomwa kwanza. Hali ya mama ikibadilika, mrudisheni hospitali mara moja, msingoje ripoti. Safari ijayo mwombeni daktari aandike dalili kwa ukamilifu kwenye fomu, na mbebe picha za zamani. Bingwa akiweza kulinganisha, kazi yake hurahisika sana.