KAZI YA MTAALAMU WA MIWANI: SOMO KWA WANAOTAFUTA NAFASI MBINGA NA MWAMBAO WA ZIWA NYASA

Watumishi wa Serikali na wakazi wote wanaarifiwa kwamba somo hili limewekwa kwa ajili ya vijana waliomaliza au wanaokaribia kumaliza mafunzo ya huduma za macho, pamoja na wazazi na wakuu wa kazi wanaowashauri. Linahusu namna ya kuitambua nafasi ya kazi inayomfaa mtaalamu wa miwani. Mfano uliochukuliwa ni wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Huko, kama ilivyo visiwani, lenzi na fremu husafiri mwendo mrefu kabla ya kumfikia mvaaji, na kosa dogo la kipimo humgharimu mwananchi safari nyingine nzima.

1. Kazi yenyewe

Inafaa kwanza kutofautisha kazi tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Daktari wa macho hutibu maradhi na kufanya upasuaji. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona na kuandika cheti cha miwani. Mtaalamu wa miwani hukipokea cheti hicho na kukigeuza kuwa miwani inayovalika: humsaidia mteja kuchagua fremu, hupima umbali kati ya mboni zake mbili, hukata lenzi au kuziagiza, huzihakiki kwa lensomita, kisha huirekebisha fremu ikae vyema puani na masikioni.

Uingereza, kazi hii ya tatu ina orodha yake ya wataalamu walioandikishwa. Tanzania, mara nyingi huifanya mtaalamu wa optometria pamoja na upimaji wake. Hivyo basi, mwombaji anayengojea tangazo lenye jina la mtaalamu wa miwani peke yake huenda akangoja sana. Kazi ipo, ila imo ndani ya nafasi yenye jina jingine.

2. Kwa nini nafasi hii ina uzito

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la kila mtu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani walikuwa na upungufu huo bila kupata miwani inayowafaa. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India. Wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao wasiopewa kwa takriban asilimia 22 katika ongezeko la uchumaji.

Mfano huo wa Assam unaeleweka vyema Mbinga. Mchambuaji wa kahawa katika vilima vya Umatengo, mvuvi anayeshona wavu Liuli, fundi cherehani wa Mbamba Bay na mwalimu wa shule ya msingi Lituhi wote hula kwa jicho la karibu. Jicho hilo likififia, mtu huacha kazi aliyoizoea akidhani kwamba amezeeka, ilhali kilichopungua ni lenzi tu.

3. Ufundi unaopimwa

Mwombaji hana budi kuonyesha kwamba anaelewa mambo mawili yafuatayo, kwa kuwa ndiyo yanayomtenga fundi na mchuuzi.

Jambo la kwanza ni umbali wa kazi. Mtu wa miaka 60 asiye na tatizo jingine la macho huhitaji takriban diopta 2.50 ili aone vizuri kwa sentimita 40, ambao ni umbali wa kitabu. Mvuvi aliyekaa chini akishona wavu huushika mbali kidogo, yapata sentimita 50, na humtosha diopta 2.00. Akiuziwa miwani ya diopta 3.00 kwa sababu ndiyo iliyoko mezani, ataona wazi kwa sentimita 33 tu. Wavu utabaki na ukungu, naye ataitupa miwani. Swali la "mikono yako huwa wapi unapofanya kazi?" ni sehemu ya kipimo, wala si mazungumzo ya kupitisha muda.

Jambo la pili ni mahali pa kitovu cha lenzi. Tuseme mteja ana lenzi za diopta 6 za kuonea mbali, umbali kati ya mboni zake ni milimita 60, na fundi ameviweka vitovu kwa umbali wa milimita 68. Kila jicho litakuwa limekosa kitovu kwa milimita 4. Ukizidisha diopta 6 kwa sentimita 0.4, unapata mpotoko wa prizma 2.4 kwa kila jicho, yaani 4.8 kwa macho yote mawili. Namba za cheti ni sahihi na lenzi ni sahihi, lakini mteja ataumwa kichwa. Vivyo hivyo, lenzi ya silinda ya diopta 2 ikigeuzwa digrii 10 tu kutoka mhimili wake, karibu theluthi moja ya kosa lililokusudiwa kuondolewa hubaki.

4. Mafunzo na uandikishaji

Kwa muda mrefu mafunzo ya optometria nchini yametolewa katika kituo cha KCMC, Moshi, kwanza katika ngazi ya stashahada na baadaye shahada pia. Kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 pamoja na Baraza la Optometria. Mwombaji ahakikishe uandikishaji wake katika Baraza umekamilika kabla ya kutuma maombi popote. Cheti cha chuo huthibitisha kwamba mtu amesoma. Uandikishaji ndio unaompa ruhusa ya kumhudumia mwananchi. Asiyeandikishwa anayejibandika jina la mtaalamu hujiweka mwenyewe hatarini na kumweka hatarini zaidi yule aliyemwamini.

5. Waajiri waliopo

Katika eneo hili kuna aina tatu za waajiri.

(a) Serikali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iliyoko Songea, iko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, yaani upande wa TAMISEMI. Halmashauri zenyewe ni tatu: Mji wa Mbinga, Wilaya ya Mbinga, na Wilaya ya Nyasa iliyozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na yenye makao yake Mbamba Bay. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa njia ya mfumo wa Ajira Portal. Mwombaji asome tangazo mpaka mwisho ili ajue mwajiri ni nani na kituo ni kipi.

(b) Mashirika ya dini. Hospitali ya Litembo katika nyanda za juu za Mbinga ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga; ile ya Liuli, kando ya ziwa, ni ya Kanisa Anglikana; na Peramiho, karibu na Songea, ni ya asili ya Wabenediktini. Kwa mwajiri wa namna hii, barua iliyoandikwa vizuri kwa mganga mfawidhi yaweza kufaa hata pale ambapo hakuna tangazo, mradi iseme wazi ni huduma gani inayopungua na mwombaji ataianzishaje.

(c) Maduka ya miwani ya watu binafsi. Kwa kawaida hayo hukaa mijini. Anayetaka kufungua lake mwenyewe aanze kwa kuuliza masharti ya Baraza na ya halmashauri husika.

6. Maswali ya kupima kama nafasi inafaa

Mshahara ni jambo la msingi, wala haipasi kuuliza habari zake kwa aibu. Hata hivyo, nafasi yenye mshahara mzuri yaweza isimfae mtaalamu wa miwani ikiwa hakuna miwani ya kutengeneza. Kabla ya kukubali, mwombaji aulize yafuatayo:

Kwanza, nani anapima macho hapo, na kwa siku ngapi katika juma? Bila vyeti vya vipimo, fundi hana kazi.

Pili, je, kuna lensomita na mashine ya kukatia lenzi, na zinafanya kazi? Umeme ukikatika au kifaa kikiharibika, nani anaitwa?

Tatu, lenzi na fremu zinatoka wapi, na hufika baada ya muda gani? Barabara ya lami ya takriban kilometa 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imeurahisisha mwendo huo, lakini vijiji vingi vya mwambao bado viko mbali nayo.

Nne, mwananchi analipaje? Je, kituo kina mkataba wa bima ya afya unaogusa miwani? Mkulima wa kahawa huwa na fedha baada ya kuuza mavuno, na miezi mingine mkono wake ni mkavu. Kituo kisicho na mpango wa bei nafuu au wa malipo ya awamu kitapima wengi na kuwavisha wachache.

Tano, je, kuna safari za huduma vijijini, na nani anagharamia usafiri na posho?

Majibu ya maswali hayo yote yanaelekea jambo moja. Nafasi inayofaa ni ile ambayo mtu aliyepimwa leo ana njia ya hakika ya kuivaa miwani yake. Pale ambapo cheti huandikwa Songea na miwani haifiki Lundo wala Chiwanda, mwombaji anaweza kuikubali kazi, lakini aikubali akiwa na mpango wa kuliziba pengo hilo, na mpango huo auandike ndani ya barua yake. Waajiri wengi hupokea barua za sifa. Chache ndizo zinazoeleza jinsi fremu itakavyomfikia mvaaji.

7. Miwani ya mezani na mipaka ya kazi

Miwani iliyokwisha kutengenezwa, inayouzwa sokoni, isidharauliwe. Kwa mtu ambaye macho yake yote mawili yanalingana na tatizo lake ni la karibu tu, yaweza kumsaidia kwa gharama ndogo. Wajibu wa mtaalamu ni kumtambua yule isiyemfaa: mwenye macho yasiyolingana, mwenye silinda, na zaidi ya wote mwenye maradhi.

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa iliyojulikana kuwa na ugonjwa wa usubi, ambao huweza kupofusha. Mtoto wa jicho na presha ya macho nayo hupatikana kila mahali. Anayekuja na jicho jekundu lenye maumivu, anayeona ghafla giza upande mmoja, au ambaye lenzi yoyote haimwongezei nuru, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kumuuzia miwani ni kumchelewesha, na katika presha ya macho nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

8. Kwa wakazi wa Visiwani

Huduma za afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo nafasi za Unguja na Pemba hutangazwa kwa utaratibu wake, na za Mbinga na Nyasa kwa utaratibu mwingine. Mtumishi wa Visiwani anayetaka kwenda Ruvuma asidhani kwamba ni uhamisho wa kawaida, bali aulize mapema kwa afisa utumishi wake. Maswali matano yaliyotajwa hapo juu, hata hivyo, yanafaa vilevile kwa anayeomba kazi Mkoani, Makunduchi au Tumbatu.

Mwombaji anashauriwa kukusanya nakala zilizothibitishwa za vyeti vyake, hati ya uandikishaji na majina ya wadhamini wanaoijua kazi yake, na kufika kwenye usaili akiwa na rula yake ya kupimia mboni. Huenda akaombwa aonyeshe jinsi anavyoitumia, na mkono uliozoea hujulikana mara moja.