Kuomba Nafasi katika Vyuo Vikuu vya Ulaya: Maelezo kwa Vijana na Wazazi wa Kitui na Makueni

Matokeo ya mtihani wa KCSE yatokapo mwanzoni mwa mwaka, maswali juu ya masomo ya ng'ambo huwa mengi katika nyumba za Ukambani. Mtoto amepata alama nzuri, mwalimu mkuu amemsifu mbele ya watu, na mjomba wake aliye Nairobi amesikia ya kwamba Ulaya kuna vyuo visivyotoza karo. Pengine yuko pia mtu sokoni Wote au Mwingi mwenye karatasi zilizopigwa picha za majumba mazuri, naye yu tayari kushughulikia kila kitu kwa malipo. Kabla mzee hajapeleka ng'ombe mnadani, inafaa jamaa nzima ijue jinsi maombi haya yanavyokwenda, maana mengi yanayosemwa yalikuwa kweli zamani na sasa si kweli tena.

Safari yenyewe si ngeni kwetu. Kitili Mwendwa, mwana wa Kitui, alisomea sheria Uingereza, akarudi, na mwaka 1968 akawa Mkenya Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Jaji Mkuu. Lakini njia aliyoipita yeye imebadilika sana.

Neno la kwanza la kufahamu ni hesabu ya miaka. Mwanafunzi wa Uingereza huingia chuo kikuu baada ya miaka 13 ya shule, bali mwanafunzi wetu aliyefuata mpango wa 8-4-4 huwa amesoma miaka 12. Zamani tofauti hii haikuwapo, kwa kuwa tulikuwa na kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Kwa sababu hiyo vyuo vingi vya Uingereza havimpokei mtu mwenye KCSE peke yake, hata akiwa na A, ila humtaka asome kwanza mwaka mmoja wa matayarisho, nao hulipiwa. Ujerumani pia kwa kawaida humpeleka kwanza katika shule ya matayarisho iitwayo Studienkolleg, ambako hufanya mtihani kabla ya kuingia chuo chenyewe. Tena masomo mengi ya shahada ya kwanza huko hufundishwa kwa Kijerumani, hivyo kijana hana budi kujifunza lugha hiyo kwanza, kwa mfano katika taasisi ya Goethe, Nairobi.

Kwa maoni yetu, kijana asiye na jamaa tajiri hupata faida zaidi akisoma shahada ya kwanza hapa nchini kisha akaomba kwenda Ulaya kwa shahada ya pili. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kwa Vonza, Kitui, tangu kilipopewa hati yake mwaka 2013, na shahada yake haina upungufu wa miaka. Tena misaada mingi mikubwa ya masomo hutolewa kwa shahada ya pili. Msaada wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa karo, nauli na masurufu kwa masomo ya mwaka mmoja. Mwombaji sharti awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na akimaliza sharti arudi kwao akae miaka miwili. Msaada wa Jumuiya ya Madola ulikubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959, na hata leo wapo wanaosoma kwa fedha zake. Umoja wa Ulaya una msaada wake uitwao Erasmus Mundus, ambao humpeleka mwanafunzi katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Wajerumani wana shirika lao la DAAD, lenye ofisi Nairobi. Misaada yote hii huombwa bila ada. Akitokea mtu kudai fedha za kukufikishia fomu ya Chevening, huyo anakuuzia maji ya mtoni.

Sasa juu ya barua ya maombi, ambayo ndiyo huwaangusha vijana wengi wenye alama za kutosha. Wengi huandika ya kwamba tangu utotoni walipenda elimu, ya kwamba chuo hicho kinasifika duniani kote, na ya kwamba wao ni wachapa kazi. Msomaji wa barua hizo amesoma maneno hayo mara mia siku ile ile. Tuseme binti wa Makueni anaomba kusoma elimu ya maji. Yeye ameona kwa macho yake mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito yetu ya msimu: jinsi ukuta wa mawe na saruji unavyozuia mchanga wakati wa mafuriko, na jinsi maji yanavyojificha ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie, hata akina mama wakayachota miezi mingi baada ya mvua kwisha. Basi aeleze hilo. Aseme ni bwawa gani lililofaulu na lipi lililojaa tope, na ni jambo gani bado halielewi ambalo angependa kwenda kulisoma. Barua ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mtu mwingine. Wanaomshuhudia nao wawe walimu waliomfundisha kwa karibu. Barua ya mbunge asiyemjua haina uzito wowote huko.

Hati zake zitakuwa nyingi, na tatizo kubwa la hati kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mutua, cheti cha shule kinasema Mutuwa, na kitambulisho kimeongeza jina la ubatizo ambalo halimo kwingine. Kwa karani wa Ulaya hao ni watu watatu. Marekebisho hayo huchukua muda mrefu, kwa hiyo yafanywe mwaka mmoja kabla ya kuomba. Ikiwa cheti cha KCSE kingali shuleni kwa sababu ya deni la karo, mzazi ajue ya kwamba sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza shule kuzuilia cheti cha mtu. Pasipoti huombwa kwa njia ya eCitizen, na ada ya kitabu cha kurasa 34 ilipandishwa mwaka 2024 kuwa shilingi 7,500. Cheti cha mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kuufanya mapema. Tena vyuo vingine hutosheka na alama ya Kiingereza ya KCSE. Uliza kwanza.

Tukija kwenye fedha, yafaa tuseme wazi. Sweden ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Ufini mwaka 2017, na Norway mwaka 2023. Vyuo vya serikali vya Ujerumani vingi havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa kila nusu mwaka. Lakini kutotozwa karo si kusoma bure. Kabla ya kupewa viza ya Ujerumani, mwanafunzi asiye na mdhamini wala msaada huonyesha fedha za kujikimu katika akaunti maalumu iliyofungwa; mwaka 2024 kiasi hicho kiliwekwa euro 11,904, naye huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja u nusu. Uingereza nako hutaka fedha ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, basi kukopa kwa jirani kwa siku mbili hakufai kitu. Tena anayeambiwa kwamba atajilipia karo kwa vibarua ajue ya kwamba Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo.

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret. Walikuwa wamelipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mpango uliosimamiwa na kaunti wa kupeleka watoto Ufini na Canada. Wengine waliuza mashamba. Walilalamika kwamba fedha hazikufika vyuoni, na baadhi ya wanafunzi waliokwisha kusafiri walitishiwa kufukuzwa. Baraza la Seneti lilikwenda kuwasikiliza, na kesi ikafika mahakamani. Walioamini hawakuwa wapumbavu: mpango ulikuwa na muhuri wa serikali. Jambo lililokosekana ni stakabadhi ya chuo. Basi karo ipelekwe na mzazi mwenyewe katika akaunti ya chuo, kwa jina na namba ya mwanafunzi, na chuo kiandike kwamba zimepokewa. Akiwapo wakala, angalieni kama jina lake limeandikwa katika orodha ya chuo chenyewe.

Juu ya majira, maombi ya Chevening hupokewa kati ya Agosti na Oktoba, na mengi ya Erasmus Mundus kati ya Oktoba na Januari. Vyuo vingi vya Ujerumani hufunga tarehe 15 Julai kwa masomo yaanzayo Oktoba. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu Nairobi kwanza. Na tangu Januari 2024, mwanafunzi wa shahada ya pili ya kufundishwa darasani kwa kawaida hawezi kufuatana na mkewe au mumewe wala watoto, jambo ambalo wenye ndoa walizungumze nyumbani kabla ya fomu kujazwa.

Liko moja zaidi, nalo husahauliwa mpaka siku ya kurudi. Shahada ya ng'ambo huthibitishwa hapa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na daktari, muuguzi au mhandisi hupita pia katika baraza la kazi yake kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Mwombaji aiandikie tume, na baraza likiwapo, kuuliza kama chuo hicho na somo hilo hutambuliwa, naye apate jibu la maandishi kabla ya kulipa hata senti.