Siku Moja kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi

Wasomaji wetu, wengi wenu mmekwisha kusoma habari za Wahadzabe, watu wa kaskazini ya Tanzania wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mimi niliposoma kwamba hawalimi wala hawafugi, niliwahurumia kama mtu amhurumiavyo asiye na kitu. Likizo iliyopita niliwaona kwa macho yangu, na huruma ile ilinitoka siku ya kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, karibu na Mto Ruvuma. Mjomba wangu ni mchuuzi wa vitunguu, naye huenda kuvinunua mbali sana, huko Mang'ola, penye chemchemi zinazonywesha mashamba karibu na Ziwa Eyasi. Safari hii alinichukua. Ziwa hilo limo katika Bonde la Ufa, chini ya milima ya Ngorongoro. Maji yake ni ya chumvi, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa hukauka, ikabaki ardhi nyeupe inayoumiza macho.

Wahadzabe wote ni kama 1,300 hivi, na wanaotegemea pori kwa chakula chao kingi ni mia chache tu. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, na wataalamu hawajaiona kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Bahati njema wengi wao wanajua Kiswahili.

Kijana mmoja wa Mang'ola alitupeleka alfajiri. Wanaume walikuwa wamekwisha kuondoka na pinde zao, na wageni wenye kamera nyuma yao. Mimi nilikuwa nimechelewa kuamka, basi nikafuatana na wanawake. Sikujuta.

Njiani mtoto mmoja alipiga mluzi kumwita yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Huyo twamjua na sisi, maana Wayao wa Niassa, magharibi ya jimbo letu, humwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi. Mwaka 2016 wataalamu waliopima jambo hili huko Niassa walitoa habari kwamba mtu akitoa mwito ule, nafasi ya kuupata mzinga hupanda kutoka 16 hadi 54 katika 100. Mwaka 2023 wakaeleza jingine: ndege wa Wahadzabe huitikia mluzi wa Wahadzabe kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa kinyume chake. Ndege ni wa namna moja, lakini kila mmoja hufuata mwito wa kwao.

Tulipofika penye mawe na vichaka, wanawake wakaketi chini na vijiti vyao vya kuchimbia, vilivyochongwa ncha na kukaushwa motoni. Bibi mmoja aligonga ardhi kwa kijiti chake, akasikiliza, akasogea hatua mbili, akagonga tena. Mimi nilisikia mlio ule ule. Yeye alisikia mzizi. Akachimba, akaondoa jiwe moja kubwa, na kweli mzizi ukatokea, mrefu kama mkono wangu. Wakawasha moto wakauchoma dakika chache tu. Huo hutafunwa, na nyuzi zake hutemwa. Ladha yake ni ya maji maji, na utamu kidogo. Watoto hawakungoja kugawiwa. Walikuwa wakijichimbia vyao pembeni.

Bibi akaniuliza, "Kwenu mnayo mizizi, mjukuu wangu?"

Nikamwambia tunayo, inaitwa ming'oko, huchemshwa ikaliwa kwa chumvi.

"Utaionaje, majani yake yakikauka?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kuila tu.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu mwenyewe. Tarehe 24 Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, tulikimbilia msituni pamoja na majirani, na unga tuliochukua ulikwisha upesi. Bibi ndiye aliyetulisha. Ilikuwa wakati wa mvua, ming'oko bado midogo kama vidole, lakini aliipata. Mara moja nilimletea mzizi mkubwa nikijisifu, akaunyakua akautupa: ulikuwa ndiga, ambao hauliwi mpaka ukatwe vipande na kulowekwa siku kadhaa, ama sivyo ni sumu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikula nikashiba kidogo, wala sikuuliza alijuaje. Tangu zamani nilikuwa nimemwona pia maji yakipwa, yeye na wenzake wakiokota kombe na kutafuta pweza katika mawe, nami nisiite hiyo elimu. Shuleni niliwahurumia Wahadzabe, hali nyumbani nilikuwa nimelishwa kwa kazi yao ile ile.

Nilimwuliza yule bibi kama chakula bado kipo cha kutosha. Akanyosha mkono upande wa mashamba ya vitunguu. Alisema mizizi haihami, bali watu huja juu yake na majembe na ng'ombe. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwaweka Wahadzabe vijijini, kama Yaeda Chini, lakini wengi walirudi porini. Mwaka 2011 baadhi yao katika bonde la Yaeda walipata hati ya kumiliki kwa pamoja ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Lakini upande wa Mang'ola vitunguu ndivyo vinavyosonga mbele, na nakiri kwamba mjomba wangu alikuwa amejaza gari.

Jioni nilimpigia simu bibi yangu. Tangu vita anakaa Pemba, katika nyumba ya ndugu. Baada ya shikamoo nikamwuliza: ming'oko hujulikanaje majani yakikauka? Akacheka sana. Akasema hufuatwa shina lake kavu, jembamba kama uzi, mpaka linapoingia chini, lakini yapo mashina mawili yanayofanana, na moja ni la ndiga. Nikamwambia anieleze tofauti yake.

"Kwa simu haielezwi," akasema. "Na hapa nilipo hakuna kichaka cha kukuonyesha. Ngoja turudi Palma."