Kaka Yako Anajidunga Unga: Umsaidieje?

Mtaani wanamwita teja na kumkimbia. Wewe je?

Tuelewe kwanza. Aliyezoea heroini akiikosa hushikwa na arosto: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, halali. Saa hiyo hana subira ya kutafuta bomba jipya. Anachukua lililopo, hata kama mwenzake kalitumia sasa hivi. Damu inayobaki ndani ya sindano, hata usipoiona, inaweza kubeba VVU na virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Kusuuza kwa maji tu hakutoshi!

Je, kuna njia? Ipo. Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni. Hii ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inatuliza arosto kwa takriban saa 24, hivyo mtu hana haja ya sindano. Anapata nafasi ya kula, kufanya kazi na kupima afya yake. Baadaye huduma ilifika Mbeya, Mwanza na Dodoma.

“Si anabadilisha unga kwa unga tu?” Hapana. Ni kweli mwili huizoea methadoni pia, lakini kipimo chake hupangwa na daktari, na haina bomba la kuazimana.

Basi usimtukane kaka. Mwambie kliniki ipo, kisha jitolee kumsindikiza.

Jadilini: Kwa nini matusi humfanya mtu aogope kwenda hospitali?